Je, wajua kwa nini milima ya Andes hulishwa peremende?

Ukizunguka sokoni Cusco, nchini Peru, au kwenye vichochoro vya La Paz kule Bolivia, utakuta vibanda vinavyouza vifurushi vya ajabu. Ndani mna peremende, biskuti, mahindi, maharage, karatasi zinazong'aa kama dhahabu na fedha, noti bandia ndogo ndogo, kipande cha mafuta ya lama na pengine kijusi cha lama kilichokaushwa. (Lama ni mnyama wa jamii ya ngamia, ila hana nundu.) Anayenunua haonji hata punje. Kifurushi chote kitachomwa moto au kufukiwa ardhini, maana ni chakula cha mlima.

Mlima unakula kwa nini? Chanzo ni maji. Katika nyanda za juu za kusini mwa Peru mvua nyingi hunyesha kati ya Novemba na Machi, kisha kinakuja kiangazi kirefu ambacho mito hutegemea sana barafu na chemchemi za milimani. Mlima huohuo unaoleta maji ndio unaoleta mvua ya mawe na baridi inayounguza shamba zima la viazi kwa usiku mmoja. Kwa hiyo Wakechua, wenyeji wa milima hiyo, hawauoni kuwa rundo la mawe. Kila mlima mkubwa ni Apu, yaani bwana mwenye eneo lake, cheo chake na hasira zake. Katika eneo la Cusco mkubwa wao ni Ausangate, unaoipita Kilimanjaro kwa zaidi ya mita 400. Chini ya miguu yao yuko Pachamama, mama ardhi.

Na kati ya watu na mabwana hao kuna deni. Vijiji vya Andes huendeshwa kwa kanuni iitwayo ayni: leo mnakuja kunisaidia kupanda viazi, wiki ijayo nami niko shambani kwenu. Kanuni hiyo haiishii kwa binadamu. Aliyekunywa maji ya mlima mwaka mzima bila kurudisha chochote ni mdaiwa sugu, na mdaiwa sugu asishangae mazao yakiharibika.

Ndiyo maana mwezi wa tambiko ni Agosti, hasa tarehe 1. Mavuno yamekwisha, udongo umekauka hadi kupasuka, na msimu wa kupanda unabisha hodi. Wenyeji husema wakati huo ardhi imefunua kinywa. Hata enzi za Wainka, waliotawala Andes kabla ya Wahispania, mfalme mwenyewe alishika jembe la mti mwezi huo kufungua kilimo.

Tambiko lenyewe huitwa despacho, na huandaliwa na paqo, mganga wa milimani. Hutandika karatasi nyeupe juu ya kitambaa kilichofumwa, kisha huanza na majani ya koka. Huchagua matatu mazima, huyapanga pamoja, huyapulizia pumzi huku akitaja milima kwa majina, halafu huyaweka mahali pake. Kila aliyehudhuria hufanya hivyo pia, akipulizia ombi lake. Baadaye huja maua, nafaka, sufu za rangi, mafuta ya lama, kombe la baharini, na hatimaye hizo peremende. Kazi inaweza kuchukua saa kadhaa, na aliyezoea misa ya haraka atachoka. Mwishoni karatasi hukunjwa, hufungwa kwa uzi na kupelekwa motoni. Mara nyingi watu hugeuka wasiutazame moto, maana si adabu kumkodolea macho mkubwa akiwa anakula.

Ukikagua vitu hivyo vilikotoka, utaona jambo la kuvutia. Koka humea kwenye miteremko yenye joto upande wa msitu, kombe limetoka pwani, mahindi ni ya mabonde ya kati, na mafuta ni ya mifugo ya nyanda za baridi. Nchi nzima, toka baharini hadi kwenye barafu, imekusanywa kwenye karatasi moja. Kwa maoni yangu hapo ndipo peremende zinapoeleweka: mlima hauna haja ya kupewa jiwe au theluji, hupewa utamu ambao kwake haumei.

Zamani zawadi zilikuwa nzito zaidi. Mwaka 1999, karibu na kilele cha Llullaillaco, mpakani mwa Argentina na Chile, watafiti walikuta miili ya watoto watatu waliotolewa kafara na Wainka, ikiwa imehifadhiwa na baridi kwa takriban miaka 500. Wahispania walipokuja walipiga marufuku ibada za milima na kuharibu vitu vyake, lakini tambiko la karatasi, koka na mafuta halikufa. Wengi wanaolifanya leo ni Wakatoliki wanaoomba kwa Bikira Maria na Ausangate katika dua moja. Jamii inayosifika sana kwa elimu hii ni Q'ero, wanaoishi juu kabisa mashariki mwa Cusco. Kwao inasimuliwa kwamba paqo wa daraja la juu huteuliwa na radi: humpiga, akazimia, na akizinduka tayari ana kazi.

Siku hizi paqo wengi hushuka hadi Bonde Takatifu, karibu na Cusco, kati ya miji ya Pisac na Ollantaytambo, ambako kambi za mapumziko ya kiroho hupokea wageni kutoka Ulaya na Marekani. Hapo ndipo mambo huchanganywa. Kambi nyingi huuza despacho pamoja na ayahuasca, wakati kinywaji hicho ni cha misitu ya Amazoni, si cha milimani, na kinaweza kumdhuru vibaya anayetumia baadhi ya dawa za sonona. Despacho haihitaji kilevi cha kumletea mtu maono. Tena lengo lake halikuwa kumtuliza mgeni aliyechoshwa na ofisi. Lilikuwa kulipa deni la maji ya kijiji.

Maji yenyewe yanapungua. Peru imepoteza zaidi ya nusu ya eneo la barafu yake tangu miaka ya 1960. Katika hija ya Qoyllur Rit'i, inayofanyika milimani karibu na Ausangate na iliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2011, wacheza ngoma waitwao ukuku walikuwa wakipanda usiku hadi kwenye barafu, wakakata mapande na kuyabeba mgongoni hadi bondeni, yakatumika kama dawa. Barafu ilipozidi kurudi nyuma, desturi hiyo ikaachwa. Ukuku bado hupanda, lakini hushuka bila barafu.