Kazi Yangu Huanza Askari Anapovua Magwanda

Watu wakisikia mimi ni mtaalamu wa usalama kwenye kambi ya jeshi hapa Virginia, Marekani, hudhani nashinda na mabomu na maghala ya risasi. Wapo wenzangu wanaoshughulika na hayo. Fungu langu mimi ni mwanajeshi aliyevaa kaptula na ndala: gari lake, pikipiki yake, boti aliyoazima kwa rafiki, jiko la mkaa aliloliwasha karibu mno na ukuta wa bweni. Na nikwambie ukweli, fungu hili ndilo lenye misiba mingi. Miaka nenda miaka rudi, kwenye vifo vya ajali jeshini hapa, magari binafsi na pikipiki ndivyo vinavyoongoza.

Mfano ninaoutumia kila ninapofundisha ni wa mwaka 2008. Katika muda wa karibu mwaka mmoja, Marine Corps, moja ya matawi ya jeshi la Marekani, walipoteza watu 25 kwa ajali za pikipiki. Waliouawa na adui Iraq katika kipindi hicho hicho walikuwa 20. Soma tena hapo. Na katika hao 25, wote isipokuwa mmoja walikuwa kwenye pikipiki za mbio, zile za kuinamia tangi.

Sababu si ujinga, ingawa wakubwa wengi hupenda kuishia hapo. Kijana wa miaka 22 anatoka vitani. Huko mshahara wake haukukatwa kodi, na hapakuwa na duka la kuumalizia, kwa hiyo anarudi na hela ya mkupuo. Mwili wake umeshazoea hatari. Maisha ya kupanga foleni supamaketi anayaona yamepooza. Anaingia dukani kwa wauza pikipiki, saa moja baadaye anatoka na mashine inayokimbia kuliko kitu chochote alichowahi kushika. Huyo ukimwambia "jihadhari" ni kama kumwambia mvua isinyeshe.

Wapo makamanda waliotamani kupiga marufuku kabisa. Mimi huwa napinga. Ukipiga marufuku, pikipiki haitoweki. Inakwenda kulala kwa rafiki nje ya geti, na sasa hujui nani anayo. Kilichofanyika ni afadhali: leseni lazima, kozi lazima, na kozi hiyo ni bure tena ndani ya saa za kazi bila kukatwa siku ya likizo. Marine Corps wakaongeza kozi maalumu ya pikipiki za mbio. Helmeti ni amri ndani na nje ya kambi, hata ukiwa kwenye jimbo ambalo sheria yake inamruhusu raia kuendesha kichwa wazi. Vijana hulalamika kwamba jeshi linawafuata mpaka chumbani. Nawaelewa. Lakini ukitia saini mkataba hapa, hata kichwa chako kina mwenyewe mwingine.

Kipindi kinachotunyima usingizi ni kiangazi. Tunakiita siku 101 za hatari, kuanzia wikiendi ya Memorial Day, sikukuu ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa, mwishoni mwa Mei hadi Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Shule zimefungwa, jua kali, bia baridi, barabara ndefu. Kila Ijumaa jioni askari hupangwa mistari, kiongozi husimama mbele na kutoa wosia wa wikiendi. Wosia wenyewe umeshakuwa mzaha: usiongeze idadi ya watu, usiipunguze, usiishie hospitali, gazetini wala jela. Watu hucheka, hutawanyika, na kufika maegesho ya magari hakuna anayekumbuka neno. Nami nilisimama kwenye mistari hiyo nilipokuwa na sare, na sikumbuki hata wosia mmoja.

Ninachokumbuka ni sajini wangu mmoja aliyeniuliza, "Utalala kwa saa ngapi kabla ya kuendesha?" Sikuwa na jibu. Swali hilo ndilo nimeligeuza kazi.

Mwaka fulani, Alhamisi kabla ya Labor Day, alikuja ofisini kijana mmoja, Mkongomani aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Familia yake wanaishi Clarkston, karibu na Atlanta. "Shikamoo mzee," akanipa karatasi ya safari nimpitishie. Kila kisanduku kimejazwa vizuri. Muda wa kulala kabla ya safari: saa 8. Nikaitikia, nikamwambia avute kiti, tukaanza kuhesabu.

Ijumaa ataamka saa ngapi? Saa 10 na nusu alfajiri, kuna mazoezi. Anatoka kazini na kuwasha gari saa 11 jioni. Mpaka Clarkston ni mwendo wa saa 9 hivi kama hakuna foleni, kwa hiyo atafika saa 8 usiku. Saa 8 za kulala ziko sahihi, sawa, lakini alizilala kabla ya siku nzima ya kazi. Ifikapo saa 3 na nusu usiku atakuwa macho kwa saa 17 mfululizo. Utafiti umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mwili wake hufanya kazi kama wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Akifikisha 24, hukaribia 0.10, wakati kikomo cha kisheria kwenye majimbo mengi hapa ni 0.08. Nikamwonyesha kwenye ramani saa 3 na nusu itamkuta wapi: barabara kuu ya I-85 jimbo la North Carolina, mji wa Greensboro ameuacha nyuma, wa Charlotte hajaufikia, giza, malori pande zote, na bado ana saa nne na ushee. "Lakini mzee, mimi sinywi kabisa," akasema. Alikuwa hajawahi kufikiria kwamba anaweza kulewa bila kunywa.

Tukatoka kuliangalia gari. Nilichukua senti moja mfukoni, ile sarafu yenye picha ya rais wa zamani Abraham Lincoln, nikaipachika kwenye mifereji ya kashata za tairi la nyuma, kichwa cha Lincoln kikiwa chini. Kashata zikiwa nzima humeza nywele zake. Hapa Lincoln alionekana wote, kuanzia utosi hadi ndevu. Maana yake kina hakifiki hata milimita 2, na mvua ya Carolina ikikukuta hivyo, gari linaelea. Kijana alicheka, kisha akanyamaza.

Habari ya maji naigusa kwa sababu inawahusu sana watu wetu. Vijana waliokulia Ziwa Tanganyika au Pwani huniambia wanajua kuogelea, na wanajua kweli. Ila ufukwe wa Atlantiki una mikondo inayorudi baharini kwa nguvu kupitia upenyo kati ya mawimbi. Upenyo huo kwa macho ndiyo sehemu iliyotulia, mtu huuchagua akidhani ndiyo salama. Ukishikwa, usipigane nao kurudi nchi kavu. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke, au elea na upunge mkono. Bendera nyekundu mbili maana yake maji yamefungwa kwa kila mtu, bingwa na asiye bingwa. Na kwenye boti, vaa jaketi la kuokolea. Takwimu za walinzi wa pwani wa Marekani huonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya 8 kati ya 10 waliokufa maji kwenye ajali za boti hawakuwa wamelivaa. Mara nyingi lilikuwemo humo humo botini, limekaliwa.

Wazazi mnaosoma mkiwa nyumbani, jambo moja hamwambiwi: askari akiumia nje ya zamu, hufanyika uchunguzi wa kama aliumia kwa kosa lake la makusudi. Akikutwa alikuwa mlevi kwenye usukani, anaweza kukosa fidia ya ulemavu maisha yake yote.

Yule kijana alinunua matairi mawili Ijumaa jioni, akalala, akaondoka Jumamosi saa 11 alfajiri. Saa 8 mchana simu yangu ikalia: picha ya sahani ya ugali na dagaa, na maneno, "Nimefika mzee, mama anakusalimu." Nikamjibu marahaba, na kumuuliza Jumatatu ataanza safari saa ngapi, na Jumapili atalala saa ngapi.