Vazi la siku ya mechi: suti ya mchezaji inasema nini?

Mchezaji anashuka kwenye basi ametinga suti, tai imekaa sawa shingoni, viatu vya ngozi vinang'aa. Anatembea hatua chache hadi chumba cha kubadilishia nguo, anavua vyote na kuvaa jezi. Mechi ikiisha anaoga, anairudia suti ileile na kuondoka. Sisi tuliozoea kuona timu zetu zikishuka na traksuti lazima tujiulize: usumbufu wote huo wa nini?

Hilo ndilo vazi la siku ya mechi, yaani desturi ya wanamichezo kuvaa nguo rasmi wanapokwenda kucheza na wanapotoka. Desturi hiyo ikiandikwa na ligi au klabu na kuwekewa adhabu, inakuwa kanuni ya mavazi. Ni vitu viwili tofauti, na mvutano mwingi unatokana na kuvichanganya.

Desturi yenyewe imeshika mizizi sana Marekani na Kanada. Katika shule nyingi za sekondari huko, siku ya mechi vijana wa timu huingia darasani wamechomekea mashati na kufunga tai. Shule nzima inajua leo kuna mchezo, na kijana mwenyewe anabeba jina la timu tangu asubuhi. Kwenye ligi ya magongo ya barafuni, NHL, koti na tai viliandikwa hadi ndani ya makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji. Sharti hilo walikubaliana kulilegeza mwaka 2025 tu.

Kesi inayofundisha zaidi ni ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Tarehe 19 Novemba 2004 wachezaji wa Indiana Pacers walipigana na mashabiki wa Detroit Pistons, ngumi zikafika hadi jukwaani. Ligi ikawa na kazi ya kusafisha jina lake. Oktoba 2005 kamishna David Stern akatangaza kanuni: mchezaji akiwa kwenye shughuli za timu au za ligi avae kiofisi. Zikapigwa marufuku kaptula, fulana, kofia, mikufu inayoning'inia juu ya nguo, hata miwani ya jua ndani ya jengo. Aliyeumia na kukaa benchi bila jezi alitakiwa avae koti, viatu rasmi na soksi. Kwa hiyo ukimwona mtu mrefu amekaa pembeni ya wenzake ametulia ndani ya koti, ulijua huyo leo hachezi.

Allen Iverson, mmoja wa nyota wa ligi wakati huo, aliipinga kanuni hiyo waziwazi. Kofia, mikufu na nguo pana ndiyo mavazi aliyokulia nayo, mavazi ya kizazi cha hip hop, na aliona kanuni imewalenga watu kama yeye. Naona alikuwa na hoja nzito. Orodha ile haikugusa uchafu wala nguo zilizochanika. Iligusa mavazi ya vijana weusi wa mitaani, kana kwamba mkufu ndio uliorusha ngumi.

Hata hivyo wachezaji hawakubaki kunung'unika. Walitafuta mafundi, wakashonewa suti za vipimo vyao, na njia ya kutoka kwenye gari hadi chumbani ikageuka jukwaa la wapiga picha. Hasheem Thabeet wetu, Mtanzania aliyechaguliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili kati ya wachezaji wapya wa mwaka 2009, aliingia ligi wakati kanuni hiyo imeshazoeleka.

Kisha tazama 2018. Katika mechi za mtoano, LeBron James aliwanunulia wenzake wa Cleveland Cavaliers suti za kijivu za mbunifu wa mavazi Thom Browne, wakaingia uwanjani kwa mfuatano, wote sare. Hakuna kamishna aliyewaagiza kufanana. Ile ilikuwa desturi kwa maana yake ya asili: sisi ni kitu kimoja, na kazi yetu imeshaanza kabla ya filimbi.

Katika mechi ya kwanza ya fainali za mwaka huo dhidi ya Golden State Warriors, LeBron alifika na koti, shati na tai vya mbunifu huyohuyo, lakini chini amevaa kaptula, vazi lililotajwa kwenye marufuku ya 2005. Usiku ule alifunga pointi 51, ingawa timu yake ilipoteza katika muda wa nyongeza.