Je, wajua kwa nini filta haitoi chumvi kwenye maji ya kisima?

Nilipopata filta yangu ya kwanza, ile ya ndoo mbili yenye mshumaa mweupe wa udongo wa kuchoma ndani, niliyapitisha maji ya kisima chetu cha Kisauni, Mombasa, mara tatu. Yalitoka yanang'aa. Nikaonja: chumvi ile ile. Bibi alikuwa kibarazani anakuna nazi, wala hakuinua macho.

"Mjukuu wangu, ukitia chumvi kwenye tui kisha ukalichuja kwa kifumbu, chumvi itabaki wapi?"

Nilikuwa nimeichukulia chumvi kama uchafu, na sivyo. Kifumbu hukamata machicha kwa kuwa machicha ni makubwa kuliko matundu ya ukili. Chumvi iliyoyeyuka imeshavunjika vipande visivyoonekana, kila kimoja kimezungukwa na chembe za maji. Matundu ya mshumaa ni madogo sana, mengi hayafiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, ndiyo maana tope na bakteria wengi hukwama. Lakini kipande cha chumvi, pamoja na maji yaliyokikumbatia, ni kidogo mara mamia kuliko tundu hilo. Ni kama kutega dagaa kwa jarife.

Nilijaribu mengine. Filta ya makaa huondoa harufu na klorini, basi. Mbegu za mlonge zilizosagwa hushikanisha tope likazama, chumvi haiguswi nazo. Kuchemsha ndiko kulikonichekesha zaidi, maana kunazidisha: mvuke huondoka peke yake, kwa hiyo lita mbili zikichemka hadi ibaki moja, ukali wa chumvi umekuwa maradufu. Chemsha kwa ajili ya vijidudu, si kwa ajili ya ladha.

Chumvi yenyewe ni ya bahari. Chini ya mwamba wetu wa matumbawe, maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa hesabu ya vitabuni, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 chini yake. Usichimbe kisima kwa hesabu hiyo lakini: mwamba wenye nyufa na mapango hauifuati. Pampu ikivuta kupita kiasi, ya chini hupanda. Ndiyo maana Mombasa huletewa maji kutoka mbali, yakiwemo ya chemchemi za Mzima kule Tsavo na visima vya Baricho.

Sasa fikiria achari. Ukipaka vipande vya embe chumvi usiku, asubuhi unakuta bakuli lina maji, na hakuna aliyekamua. Maji huvuka ngozi ya chembe hai kuelekea kwenye chumvi nyingi. Mashine za kuondoa chumvi hulazimisha safari hiyo irudi nyuma: pampu husukuma maji dhidi ya utando unaoyapitisha yenyewe na kuizuia karibu chumvi yote.

Mzizi wa mche nao ni kama kipande cha embe: chumvi ikizidi udongoni, hushindwa kuvuta maji. Mimi nilikuwa nikinyunyizia bustani kidogo kidogo kila jioni, nikijisifu kwamba ninabana matumizi. Jua na upepo wa kusi vilichukua maji, chumvi ikabaki juu juu mpaka vyungu vikaota ukoko mweupe na majani ya mndimu yakaungua kingoni. Kwa maji ya chumvi, afadhali kumwagia kwa wingi na kwa nafasi, ili maji yaisukume chumvi chini ya mizizi, halafu ufunike udongo kwa makumbi ya nazi usikauke upesi. Hilo lataka udongo unaopitisha maji na chungu chenye tundu; kwenye mfinyanzi maji yatatuama tu. Masika huosha bustani bure. Mnazi huvumilia chumvi, ndimu na maharagwe hayavumilii.

Na ukinunua ile mashine, angalia mpira wake wa pili, ule wa kumwagia maji. Nyingi za nyumbani humwaga lita kadhaa kwa kila lita unayokunywa, na hizo zimebeba chumvi iliyokataliwa. Mimi nilizielekeza kwa mndimu kwanza. Siku hizi zinasafisha choo.