Skeli kwenye kompyuta: chumba cha mita nne kichore mita nne

Mkalishe mbele ya kompyuta mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyezoea ubao wa kuchorea, rula ya T na bikari, umwambie achore chumba cha mita 4 kwa mita 3. Swali lake la kwanza litakuwa hili: "Mwalimu, kwa skeli gani?"

Swali zuri, na kwenye ubao halikwepeki. Karatasi ni ndogo, chumba ni kikubwa, kwa hiyo lazima upatane na karatasi kabla penseli haijaigusa. Skeli ni uwiano kati ya urefu wa mstari kwenye mchoro na urefu wa kitu chenyewe. Ukichagua 1:50, sentimita moja ya karatasi inabeba sentimita 50 za nyumba. Ukuta wa milimita 4,000 unaugawa kwa 50, unapata 80, unachora milimita 80.

Kwenye kompyuta jibu ni fupi: hakuna skeli. Andika 4000.

Darasa huwa halikubali. Mchoro wa mita nne utakaa wapi, na skrini yenyewe haifiki hata nusu mita? Ukweli ni kwamba skrini siyo karatasi, ni dirisha tu la kuchungulia. Nyuma yake, katika programu ya kuchorea kama AutoCAD, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1982, au LibreCAD ambayo ni ya bure na haichagui kompyuta ya bei, kuna uwanja mpana kuliko utakavyowahi kuhitaji. Unaweza kuweka humo kitanda, nyumba, au kisiwa kizima cha Ukerewe, kila kimoja kwa vipimo vyake halisi. Ukisogea karibu unaona kitasa cha mlango, ukirudi nyuma unaona kiwanja chote. Kusogea huko hakubadilishi kipimo chochote, kama vile Jiwe la Bismarck hapa Mwanza lisivyopungua kwa sababu unalitazama ukiwa juu ya kivuko cha Kamanga.

Basi anaandika 4000, anabonyeza, na mstari unatoweka. "Mwalimu, umepotea!" Haujapotea. Umetoka nje ya dirisha, pengine kwa akili ya mwanafunzi umeshafika Sengerema, ng'ambo ya ziwa. Kwenye AutoCAD anaandika Z, anabonyeza Enter, anaandika E, anabonyeza Enter tena, na kila kilichochorwa kinajikusanya mbele yake. Mimi hilo hulifundisha dakika za mwanzo kabisa, maana nimeona wengi wakichora ukuta uleule mara tano juu ya mwenzake wakidhani kompyuta imegoma.

Wapo pia wajanja. Huyu anakubali kwa mdomo, halafu pembeni ya daftari anagawa kwa 50 na kuchora 80. Kwa macho mchoro wake haukosi kitu. Siku ya kuweka vipimo ndipo unapoumbuka: programu inaupima ukuta na kuandika 80, yaani sentimita nane. Nyumba ya panya. Kompyuta haikukosea, imesoma alichokichora. Na hii ndiyo faida kubwa ya kuchora kwa ukubwa halisi: ukiuliza umbali kutoka mlangoni hadi dirishani, au eneo la sakafu ili ujue vigae, jibu linakuja vilevile litakavyokuwa kwenye kiwanja kule Buswelu, bila hesabu ya kurudishia.

Skeli inaingia lini basi? Siku ya kuprinti. AutoCAD ina vichupo chini ya skrini: kimoja ni Model, uwanja wa ukubwa halisi, na vingine ni Layout, ambako kuna karatasi yenye ukubwa wa karatasi. Juu ya karatasi hiyo unatoboa dirisha la kuutazama mchoro, na skeli unaiweka kwenye dirisha hilo. Mchoro mmoja unaweza kuwa na madirisha mawili: nyumba nzima kwa 1:100, na kando yake choo kwa 1:20. Kwenye ubao ungechora mara mbili.

Maandishi ndiyo yanayosumbua kuliko yote. Herufi tunataka zisomeke kwa urefu wa milimita 2.5 kwenye karatasi. Mwanafunzi akiziandika 2.5 kwenye uwanja wa ukubwa halisi, kando ya ukuta wa 4,000, zinaonekana kama mayai ya chawa. Kwa 1:50 zinatakiwa ziwe 2.5 mara 50, yaani 125. Au aziandike kwenye Layout, 2.5 kama zilivyo, asijisumbue.

Kuprinti nako kuna mtego, na mimi uliwahi kuninasa. Nilipeleka mchoro wa 1:50 steshenari moja hapa mjini, kijana akaacha alama kwenye kile kisanduku kinachoiambia printa ijaze karatasi. Printa ikapunguza hadi asilimia 97 na mimi sikuangalia. Ukuta uliotakiwa kutoka milimita 80 ulitoka 77.6. Fundi akiweka rula hapo na kuzidisha kwa 50 anapata mita 3.88, amepoteza sentimita 12. Tangu hapo kila mchoro wangu una mstari wa skeli uliochorwa pembeni, wenye alama za mita: mchoro ukipungua, nao unapungua. Fundi naye namwambia asome namba zilizoandikwa, rula aiweke mfukoni.

Namba zenyewe, tahadhari: kwenye AutoCAD 4000 ni 4000 tu, wewe ndiye unayeamua kuwa ni milimita. Mwenzako akilifungua faili akidhani ni inchi, chumba kinakua mara 25.4.

Zoezi ninalolipenda ni meli. MV New Mwanza, ile ya Ziwa Victoria, ina urefu wa mita 92.6. Nawaambia wachore mstari mmoja tu wa urefu huo, 92600, kisha wachague karatasi. Karibu wote wanakimbilia 1:100 kwenye A1, kwa sababu A1 inaonekana kubwa. Mstari unakuwa milimita 926, na A1 upande wake mrefu ni 841. Meli inatokeza nje. Kwa 1:200 inakuwa 463, inaingia hata kwenye A2. Kwa 1:500 ni 185.2, inatosha kwenye A4 ya steshenari yoyote ile. Mara tatu tumechagua karatasi na skeli, na ule mstari wa 92600 hakuna aliyeugusa.