Art Spiegelman na panya wake: mambo mnayoyachanganya

Kila nikimtaja Spiegelman, mchora katuni wa Marekani, kuna mtu atasema "aah, yule mzee aliyepona Auschwitz akachora panya". Hapana jamani. Waliopita Auschwitz, kambi ya mauaji ya Manazi, ni wazazi wake, Vladek na Anja, Wayahudi wa Poland. Yeye kazaliwa 1948 Stockholm, Sweden, vita imeshaisha, akapelekwa Marekani bado mdogo na kukulia Rego Park, Queens, New York. Kaka yake Richieu ndo alikufa wakati wa vita, bado mtoto, hawakuwahi kuonana. Kwahiyo Maus, kitabu chake cha katuni, ni stori ya mtoto kamkalia baba yake na rekoda, na mzee mwenyewe mbishi, bahili balaa, kuna sehemu anakiri alichoma madaftari ya kumbukumbu ya marehemu mkewe, Art anamuita muuaji.

Eti alipata umaarufu ghafla. Ghafla wapi? Kurasa tatu za mwanzo za Maus zilitoka 1972, kitabu cha kwanza 1986, cha pili 1991, piga hesabu mwenyewe. Na hela ya kula muda wote huo? Bablishi! Siwatanii, karibu miaka 20 alikuwa anafanya kazi za Topps, kampuni ya New York iliyokuwa inauza bablishi na kadi za baseball, anabuni stika za Wacky Packages za kukejeli bidhaa za madukani, halafu 1985 wakatoa Garbage Pail Kids, vile vikatuni vya watoto wachafu wenye makamasi ambavyo walimu walikuwa wanawanyang'anya wanafunzi. Yaani mwaka huu makamasi, mwaka unaofuata Auschwitz, mtu ni yuleyule. Hapa ndo huwa nampendea jamaa.

Na hakuwa peke yake. Mke wake Françoise Mouly, Mfaransa, ndo alikuwa na mashine ya kuchapia pale pale nyumbani kwao SoHo, New York, wakaanzisha jarida la katuni la Raw 1980, na Maus ikawa inatoka humo sura moja moja kama kijitabu kidogo ndani ya jarida kubwa. Wachapishaji kibao waliikataa kabla Pantheon hawajaichukua. Ukimsifia mume bila kumtaja mama huyu umeruka nusu ya stori.

Kuna wanaosema hajui kuchora, angalia hao panya, macho vidoti tu. Ni makusudi. Alitumia peni ya wino na karatasi za kawaida za ofisini, akikosea anapaka ile dawa nyeupe ya kufutia, na alichora kwa saizi ileile utakayoiona kitabuni, alitaka ionekane kama mtu kaandika daftari lake. Ukibisha tafuta humo humo kwenye Maus zile kurasa nne za Prisoner on the Hell Planet, katuni fupi aliyoichora mwanzoni mwa miaka ya 70 kuhusu mama yake kujiua, nyeusi tii kama imechongwa kwenye mbao, utajua mkono anao.

Wanyama ili watoto waelewe? Wala. Manazi ndo waliwaita Wayahudi panya na wadudu, yeye kalichukua tusi lao akalivalisha watu wake, Wajerumani akawafanya paka. Na sio hadithi ya kubuni, New York Times walipoiweka kwenye orodha ya vitabu vya kubuni 1991 aliwaandikia barua kulalamika wakaihamisha. Pulitzer ya 1992, tuzo kubwa ya uandishi Marekani, nayo sio ile ya wachora katuni za magazeti, ni tuzo maalum, nadhani hawakujua waiweke kapu gani.

La mwisho, "Maus imepigwa marufuku Marekani". Ilikuwa bodi ya shule ya wilaya moja, McMinn, Tennessee, Januari 2022, kura 10 kwa 0, wakaitoa kwenye masomo ya darasa la nane, na matokeo yake watu wakakimbilia kuinunua mpaka ikarudi juu kwenye mauzo. Kati ya sababu walizotoa ni matusi machache na picha ya mwanamke uchi. Huyo mwanamke ni Anja, kapicha kadogo, yuko kwenye beseni la bafuni siku aliyojiua mwaka 1968.