Hisia katika Ngoma Nayo Ni Ufundi

Vijana wengi wanaokuja kwangu hapa Mombasa kujifunza dramu hutaka kwanza kujua namna ya kupata kasi. Si vibaya kuitaka, ila nyuma yake huwa pana dhana ninayoipinga: kwamba ufundi hupatikana kwa kuizoeza mikono, ilhali hisia ni kipaji ambacho mtu huzaliwa nacho au hukikosa. Kwa maoni yangu, tunachokiita hisia ni ufundi wa uzito wa pigo na mahali linapotua, na ndio ufundi ulio mgumu zaidi.

Tuchukue mazoezi ya msingi. Percussive Arts Society, chama cha wapiga ngoma cha Marekani, ina orodha ya rudimenti 40, yaani mifuatano ya msingi ya mapigo ya mikono, na mojawapo ni paradidili: kulia, kushoto, kulia, kulia, kisha kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Mwanafunzi anaweza kuipiga kwa kasi ya kutisha na bado asiwe amesema lolote, kwa kuwa mapigo yake yote yana uzito mmoja. Akilikoleza pigo la kwanza na kuyashusha matatu yanayofuata hadi yasikike kwa mbali, zoezi lilelile huanza kuwa muziki. Jambo hili hutegemea kimo cha kijiti: kikianzia juu hutoa mshindo, kikianzia karibu na ngozi hutoa mnong'ono. Kukishusha kijiti bila kupoteza kasi huwashinda wengi wanaojiona wamekwisha hitimu.

Wakati nao una hesabu yake. Katika mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja huchukua nusu sekunde, na robo ya pigo hilo ni sekunde 0.125. Ndani ya nafasi hiyo finyu mpigaji anaweza kuichelewesha snea, ile ngoma ya dramu yenye sauti kali, kidogo mno, na msikilizaji asihisi kuchelewa bali utulivu. Sharti ni kwamba ucheleweshaji huo uwe uleule kila mzunguko. Ukibadilikabadilika, mpigaji ametoka tu kwenye mdundo, na kuliita kosa hilo hisia ni kujidanganya.

Pwani yetu inatoa mtihani mzuri wa haya yote. Katika chakacha, mapigo sita husikika mara kama mafungu mawili ya matatu, mara kama matatu ya mawili, na anayehesabu kwa namna moja tu hupiga kwa usahihi huku wachezaji wakishindwa kumfuata. Katika tarabu, anayepiga dumbaki, ngoma ya kupigwa kwa mikono, ana sauti mbili za msingi, ile nzito ya katikati na ile kali ya ukingoni, lakini kazi yake kubwa ni kulisikiliza shairi. Mwimbaji anapoukaribia mwisho wa mshororo, ukumbi mzima unasubiri kina; mpigaji akimwaga mapigo yake mahali hapo, hata yawe mazuri vipi, kina humezwa na shairi hupotea. Nafasi yake ni pale sauti inapopumua. (Wapigaji wa harusini wanaolipwa kwa kelele hawatakubaliana nami, nami nawaelewa.)

Charlie Watts, mpiga dramu wa bendi ya Rolling Stones aliyefariki mwaka 2021, alikuwa na mazoea ya kuinua mkono kutoka kwenye haihati (yale matoazi mawili yanayofumbana) kila alipoipiga snea, hivyo snea ikasikika peke yake. Kwa kasi tupu hangeshindana na Buddy Rich, mpiga dramu wa jazi aliyesifika kwa kasi. Hata hivyo, kuliacha pigo hilo moja la haihati kulimfanya atambulike haraka, na kulihitaji mkono uliozoezwa kama mwingine wowote.

Ndiyo maana kwangu mwanafunzi huanza na mapigo 60 kwa dakika, kwa sauti ndogo kiasi kwamba mtu anayesoma shairi kando yake, bila kipaza sauti, asikike kila neno. Mwendo ukiyumba, tunabaki hapohapo. Kasi tunaiongeza baadaye, hatua kwa hatua, kwa sharti kwamba msomaji yule aendelee kusikika.