Je, wajua mishono ya video hufutwaje bila picha kuchelewa?

Simamisha video iliyopitia mtandao dhaifu, kisha kodolea macho sehemu isiyo na mambo mengi: anga la usiku, au ukuta ulioingiwa na kivuli. Utaona miraba, kila mmoja na weusi wake, kama vigae vilivyopakwa rangi kutoka ndoo tofauti. Hiyo ndiyo mishono ya mbano. Kwa kawaida hatuioni kwa sababu kuna kichujio kinachoifuta kabla picha haijafika kwenye kioo, na kwa video ya fremu 60 kwa sekunde kichujio hicho pamoja na kazi nyingine zote za kusimbua (kuifungua video iliyobanwa) vina milisekunde 16.7 tu kwa kila fremu.

Mishono inatoka wapi? Ili kubana video, programu hukata fremu vipande vya mraba na kukishughulikia kila kipande peke yake. Namba zake huzungushwa, yaani hukadiriwa hadi namba iliyo karibu, ili zichukue nafasi ndogo. Namba za mraba mmoja zikizungushwa kwenda juu kidogo na za jirani yake kwenda chini kidogo, mpakani hutokea ngazi ambayo kamera haikuiona kamwe. Jicho la mwanadamu nalo lina kisirani cha kuigundua mistari iliyonyooka.

Tuitazame ngazi moja kwa karibu. Upande wa kushoto wa mpaka pikseli tatu zina mwanga wa 60, 60, 60. Kulia zina 70, 70, 70. Kichujio cha HEVC, kiwango cha kubana video cha mwaka 2013, huchukua tofauti ya pikseli mbili zinazopakana na kuizidisha kwa 9, huondoa mara 3 ya tofauti ya zile zinazofuata nyuma yao, huongeza 8, kisha hugawanya kwa 16 na kutupa desimali. Yaani 90 toa 30 jumlisha 8, ni 68. Gawanya kwa 16, unabaki na 4. Pikseli ya kushoto hupanda kwa 4, ya kulia hushuka kwa 4, na zilizo nyuma yao husogea kwa nusu ya hapo. Matokeo: 60, 62, 64, 66, 68, 70. Ngazi imekuwa mteremko.

Sasa weka 180 upande wa kulia, kama ukingo wa jengo mbele ya anga. Hesabu ileile inatoa 45. Tuseme mbano ni wa kiasi ambacho kikomo chake ni 40: kichujio kinanyoosha mikono na kuacha kila kitu kilivyo. Tofauti kubwa namna hiyo haiwezi kuwa kosa la kuzungusha namba. Ni kitu halisi kilichopigwa picha. Napenda sana busara hii, kwa kuwa imo ndani ya jaribio moja dogo la kulinganisha namba mbili.

Utaona pia kwamba namba hizo hazikuokotwa tu. Kugawanya kwa 16 ni kusogeza biti (zile 0 na 1 za kompyuta) hatua nne kulia. Mara 9 ni mara 8 jumlisha moja, na mara 8 ni kusogeza biti tena. Hakuna kuzidisha kwa kweli wala kugawanya kwa kweli. Hata uamuzi wa kuchuja au kutochuja hubaniwa matumizi: mpaka hukatwa vipande vya mistari minne, na ni mstari wa kwanza na wa nne tu unaokaguliwa. Ile miwili ya katikati hufuata mkumbo.

Lakini hesabu ndiyo sehemu rahisi. Kinachochelewesha hasa ni kungojana.

Chukua H.264, kiwango cha kubana video cha mwaka 2003. Mipaka yake inaweza kuwa kila baada ya pikseli 4, na kichujio husoma pikseli 4 kila upande na kuweza kubadilisha 3. Basi mpaka wa pili hauwezi kuguswa kabla wa kwanza haujamalizika, maana pikseli unazozisoma ndizo zinazobadilishwa na jirani. Ni foleni, kuanzia juu kushoto hadi chini kulia. Si ajabu ilisemekana kwamba kichujio hicho peke yake kinaweza kula theluthi moja ya kazi ya kusimbua. HEVC ilitandaza mipaka kwenye gridi ya pikseli 8. Nne za huku na nne za kule ni nane kamili, kwa hiyo hakuna mpaka unaosoma alichokigusa jirani. Mipaka yote ya wima ya fremu nzima inaweza kuchujwa kwa pamoja, kisha ya mlalo yote. Gawa kazi kwa vichakataji vingi upendavyo.

Kuruka kichujio ili kuokoa betri hakufai. Fremu iliyosafishwa ndiyo ambayo fremu zinazofuata huiigiza. Kifaa chako kikiiacha na mishono ilhali upande wa kubana uliisafisha, kosa hurithiwa fremu hadi fremu, mpaka ije fremu kamili isiyotegemea nyingine.

Kuna kungojana kwingine, kwa juu na chini. Mistari 3 ya mwisho ya mraba haiwezi kukamilika hadi mraba wa chini yake usimbuliwe. Kichujio cha pili, kinachoilinganisha kila pikseli na jirani zake, huukwamisha na mstari wa nne. VVC, kiwango cha mwaka 2020, iliongeza cha tatu, kinachotazama umbo la almasi lenye upana wa pikseli 7, yaani mistari 3 zaidi chini. Chipu inapopita safu ya miraba kutoka kushoto kwenda kulia, mistari hiyo yote inayosubiri hukaa kwenye kumbukumbu ya ndani, kwa upana wote wa picha. Kwa picha yenye upana wa pikseli 3840 zenye biti 10 kila moja, mstari mmoja wa mwanga ni baiti 4,800, na kumbukumbu ya ndani ya chipu ni ghali.

Dawa ya VVC ni ukuta wa kubuni. Huchorwa mistari 4 juu ya ukingo wa chini wa mraba, na almasi ikiufikia hairuhusiwi kuchungulia upande wa pili. Mistari inayokosekana hujazwa kwa kurudia ule wa mwisho unaoonekana, na upande wa pili wa almasi hukatwa vivyo hivyo ili uzani usielemee. Juu ya ukuta kila kitu kiko tayari; chini yake kitangojea zamu ya safu ijayo. Kwa miraba mikubwa VVC huweza kulainisha hadi pikseli 7 kila upande, ila kwenye mpaka wa safu mbili upande wa juu unaishia 3, kwa sababu ileile. AV1, kiwango kingine cha kubana video, ina hila inayofanana: kichujio chake cha mwisho hugawa picha kwa mikanda ya mistari 64, lakini mikanda hiyo imesogezwa juu kwa mistari 8, ili ikome pale ambapo pikseli zimeshakamilika.

Ukuta huo si wa bure. Pikseli zilizo karibu nao huchujwa kwa taarifa pungufu, na usafi wao hupungua kidogo. Hupungua kidogo kiasi kwamba sijawahi kuiona tofauti kwa macho, nikiwa nimesimamisha picha na pua imegusa kioo.